Inaweza, Lakini kwa Gharama Gani?

Sogeeni karibu, wanangu. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi, na mfalme hayumo. Ina sentensi moja tu. Ni sentensi ya mwongozo wa kompyuta, imo katika sura ya 11 ya kitabu ambacho watu wengi hukifungua wakiwa na haraka na kukifunga wakiwa na hasira. Sentensi hiyo iliandikwa, ikabadilishwa, na kila mara ilikuwa ya kweli siku ilipoandikwa. Mwongo hayumo katika hadithi hii, lakini waliopotea njia ni wengi.

Hamtaielewa kabla ya kulijua jedwali, kwa hiyo tuanze na jedwali.

Mwanafunzi wa Tanzania anayesubiri matokeo ya kidato cha nne anaijua namba yake ya mtihani kwa moyo: inaanza na herufi S na namba ya kituo, inafuata namba ya mtahiniwa, mwishoni unakuja mwaka. Tuseme mambo hayo tunayatunza kwenye kompyuta. Kila mtahiniwa tunampa mstari wake. Kila jambo tunalolijua juu yake tunalipa safu yake: mwaka, kituo, namba ya mtahiniwa, jina, daraja. Mistari na safu hizo pamoja ni jedwali, na majedwali pamoja na programu inayoyatunza ni hifadhidata. Sisemi kwamba Baraza la Mitihani limepanga kumbukumbu zake hivi. Hili ni jedwali la hadithi yetu, na kwa kuwa ni letu tutalipa mistari milioni moja bila kumwomba mtu ruhusa.

Programu ya kulitunza iwe PostgreSQL. Ilianza kama mradi wa utafiti mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, chini ya Michael Stonebraker, ikapata jina lake la sasa mwaka 1996, na ni ya bure: yeyote anaweza kuipakua, kusoma ilivyoandikwa ndani, na kuibadilisha. Nimeichagua kwa sababu mwongozo wake umeandikwa kwa uangalifu mkubwa. Mwongozo mbovu hauna la kutufundisha, maana makosa yake yanaonekana hata na mtoto. Sentensi inayostahili kuchunguzwa ni ile iliyoandikwa vizuri na bado ikampoteza msomaji.

Haya, mtu anauliza: nipe matokeo ya mtahiniwa wa 45 wa kituo fulani, mwaka 2019. Programu itampataje?

PostgreSQL haichukui mstari mmoja mmoja kutoka kwenye diski. Inachukua ukurasa mzima, na ukurasa wake kwa kawaida ni kilobaiti 8, yaani baiti 8,192. Kama kila mstari wetu unachukua baiti 128 pamoja na vikorokoro vyake, ukurasa mmoja unabeba mistari 64 hivi. Gawanya milioni moja kwa 64: kurasa 15,625. Bila msaada wowote, programu itazipitia zote kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, hata kama mtahiniwa wetu alikuwa kwenye ukurasa wa tatu, kwa sababu haijui kama huko mbele hakuna mstari mwingine unaotimiza masharti yaleyale.

Msaada ndio faharasa: orodha ya pembeni, iliyopangwa kwa utaratibu, inayosema kila thamani iko wapi ndani ya jedwali. Aina inayotumika zaidi ilitoka kwa watu wawili waliokuwa katika maabara ya utafiti ya kampuni ya ndege ya Boeing huko Seattle, Rudolf Bayer na Edward McCreight. Waliieleza mwaka 1970, na makala yao ikachapishwa katika jarida la Acta Informatica mwaka 1972. Waliita muundo huo mti wa B. B ya nini? Hawakusema. Wengine wakadai ni Bayer, wengine Boeing, na wenyewe wakawaacha watu wabishane.

Mti huo umesimama kichwa chini, shina likiwa juu. Ukurasa wa juu kabisa unasema, kwa mfano, miaka hadi 2005 nenda huku, miaka ya baadaye nenda kule. Ukurasa wa chini yake unapunguza eneo zaidi. Ukurasa wa chini kabisa, yaani jani, una anwani ya mstari wenyewe. Tuchukulie kila ukurasa wa mti unabeba viingilio 300. Ngazi mbili zinafikia viingilio 90,000, na ngazi tatu zinafikia milioni 27. Kwa hiyo mistari yetu milioni moja inatoshwa na ngazi tatu. Kurasa tatu za mti, ukurasa mmoja wa jedwali: jumla nne, badala ya 15,625.

Ukurasa wa jani ukijaa, programu inaukata vipande viwili na kupeleka habari kwa ukurasa ulio juu yake. Huo nao ukijaa unakatwa. Mkato ukifika hadi kwenye shina, linaota shina jipya juu yake, na hapo tu ndipo mti unapoongezeka kimo. Mti unaokua kwa juu, wala si kwa kuchipua matawi huku na huku! Ndiyo maana majani yote yako kina kimoja siku zote, na hakuna mtahiniwa anayetafutwa kwa tabu kuliko mwenzake. Nikiambiwa nichague uvumbuzi mmoja wa karne iliyopita wa kuwaonyesha watoto, huu utakuwa karibu na juu ya orodha.

Lakini mti unasaidia kwa sharti moja: swali lifuate mpangilio wake. Chukueni kamusi ya Kiswahili. Ukitafuta maneno yanayoanza na mwa-, unafungua M, unasogea kidogo, na hayo hapo, yamekaa pamoja. Sasa mfikirieni mshairi anayetafuta vina. Anataka maneno yanayoishia na -ma: salama, heshima, karama, neema. Kamusi ni ileile, maneno yote yamo, yamepangwa vizuri, lakini itambidi aisome kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Mpangilio unamjali anayeujua mwanzo wa neno. Anayeujua mwisho tu, kamusi haimtambui.

Hifadhidata ni vivyo hivyo. Kwenye safu ya jina, ukitaka majina yanayoanza na Mwana, kama Mwanaidi, Mwanahamisi na Mwanajuma, unaandika LIKE 'Mwana%', na faharasa inaweza kukusaidia. Ukitaka yanayoishia na juma unaandika LIKE '%juma', na faharasa ya kawaida ya mti wa B haina la kufanya. Mwongozo unalisema hili waziwazi. Kisha unaongeza jambo ambalo macho huliruka: kama hifadhidata yako haitumii mpangilio wa herufi unaoitwa C, ule unaofuata namba za herufi ndani ya kompyuta bila kujali lugha yoyote, basi hata LIKE 'Mwana%' haitapata msaada mpaka utengeneze faharasa ya namna ya pekee. Na hifadhidata nyingi hazitumii C. Kijana anasoma "inaweza", anatengeneza faharasa, anapima, hakuna kilichobadilika, anaapa kwamba kitabu kimemdanganya. Hakikumdanganya. Sharti lilikuwa mbele kidogo, naye alikwisha funga kitabu.

Lishikeni hilo neno "inaweza", maana ndilo linalotupeleka kwenye sentensi yetu.

Faharasa inaweza kujengwa juu ya safu zaidi ya moja. PostgreSQL inaruhusu hadi 32, ingawa mwongozo wenyewe unaonya kwamba zikizidi tatu ni nadra kuleta faida. Tujenge yetu juu ya safu tatu kwa mpangilio huu: mwaka, kituo, mtahiniwa. Viingilio vinapangwa kwanza kwa mwaka. Ndani ya mwaka mmoja, kwa kituo. Ndani ya kituo kimoja, kwa namba ya mtahiniwa. Anayeuliza kwa mwaka na kituo anashuka moja kwa moja hadi mahali pake. Anayeuliza kwa mwaka peke yake vilevile. Je, mwalimu mkuu anayesema: nipe watahiniwa wote wa kituo changu, miaka yote? Huyo yuko pale alipokuwa mshairi. Wanafunzi wake wametawanyika, kipande kimoja ndani ya 2015, kipande kingine ndani ya 2016, na kuendelea.

Sentensi inaingia hapa. Katika toleo la 8.0, lililotoka Januari 2005, mwongozo ulisema kwa maana hii: faharasa ya a, b, c inaweza kutumika kwa ulizo lenye a, b na c, au lenye a na b, au lenye a peke yake, wala si kwa mchanganyiko mwingine. Sentensi kavu, haina pa kutorokea. Aliyeisoma mara moja hakuhitaji kuirudia.

Novemba mwaka huohuo likatoka toleo la 8.1. Tom Lane, mmoja wa watunzaji wakuu wa programu hiyo, alikuwa ameiwezesha kutumia safu zisizofuatana, yaani hata ulizo lenye a na c, bila b katikati, sasa lilipokelewa. Sentensi ya zamani ikawa si kweli tena, ikabidi iandikwe upya. Mpya ilisema, tena kwa maana tu: faharasa ya safu nyingi inaweza kutumika kwa ulizo linalohusu safu zozote miongoni mwa safu zake, lakini ina ufanisi zaidi pale masharti yanapozigusa safu za mwanzo, zilizo kushoto.

Isomeni taratibu. Nusu yake ya kwanza inaahidi, nusu ya pili inataja bei, tena kwa sauti ya chini. "Ufanisi zaidi" ni zaidi kiasi gani? Mara mbili? Mara elfu? Anayejua mti wa B anajijibu mwenyewe, na kwake sentensi ni kamili. Asiyejua anabaki na ahadi.

Mchukulieni kijana mmoja, ambaye simpi jina kwa sababu nimembuni, amepewa kazi ya kuliharakisha jedwali letu. Anasoma "safu zozote", anafurahi, anafuta faharasa nyingine zote na kuibakiza hiyo moja ya safu tatu. Mwalimu mkuu anauliza kuhusu kituo chake kwa miaka yote, na jibu linachelewa. Kijana anaiamuru programu, kwa amri iitwayo EXPLAIN, ieleze njia iliyoipita. Programu inajibu kwamba imetumia faharasa. Imeitumia kweli! Imesoma majani yote ya mti, viingilio milioni moja kwa 300 kila ukurasa, kurasa kama 3,334, ikiangalia kila kiingilio kama ni cha kituo kile. Ni afadhali kuliko 15,625. Lakini aliyeahidiwa nne hawezi kushukuru kwa 3,334. Na siku nyingine programu ingeiacha faharasa na kulisoma jedwali lenyewe, kwa sababu ndani yake kuna sehemu inayopanga njia, ambayo hukadiria gharama za njia zote na kuchagua iliyo nafuu. Mwongozo uliitaja hatari hiyo, mwishoni mwa aya ileile.

Kuna jambo lililomzidishia kijana wetu kiza. EXPLAIN huorodhesha masharti ya faharasa chini ya maneno Index Cond, na maneno hayo hutumika kwa masharti ya aina mbili zisizofanana hata kidogo. Liko sharti linalopunguza sehemu ya mti itakayosomwa. Liko na sharti ambalo halipunguzi chochote cha mti. Linachuja tu viingilio ambavyo tayari vimesomwa, na faida yake ni kuepusha safari za kwenda kwenye jedwali. Yote mawili yamevaa jina moja. Mtu anaona Index Cond, anaridhika.

Mwongozo wa wakati huo ulijaribu kulitatua hili kwa mfano, na ni mfano ninaoupenda kuliko maelezo yote ya sura hiyo. Ulichukua ulizo lenye masharti matatu: a ni sawa na 5, b si chini ya 42, c ni chini ya 77. Tuuhamishie kwetu: mwaka ni 2019, kituo si chini ya 500, namba ya mtahiniwa ni chini ya 77. Programu inaanza kusoma wapi? Kwenye kiingilio cha kwanza cha 2019 chenye kituo cha 500. Inaishia wapi? Kwenye kiingilio cha mwisho cha 2019. Wale wenye namba 77 na kuendelea inawaacha, lakini imewapitia. Sharti la tatu limechuja, halikufupisha safari. Mfano huo hauna neno "ufanisi", hauna "zaidi", hauna "muhimu". Una pa kuanzia na pa kuishia, na msomaji anaweza kuhesabu.

Sasa tuchukue kalamu na kuitengeneza sentensi yetu wenyewe.

Mtu wa kwanza anayetaka kuifafanua huongeza onyo: faharasa inaweza kutumika kwa safu zozote, lakini kuwa mwangalifu. Mwangalifu wa nini? Onyo lisilotaja hatari humwongezea msomaji hofu, halimwongezei akili. Mtu wa pili huongeza sifa: safu za kushoto ni muhimu sana. Kweli, lakini hata mama mkwe ni muhimu sana, na hilo halituambii tumfanyie nini. Tatizo halikuwa uchache wa maneno. Tatizo ni kwamba kitendo hakina mwenyewe. "Inaweza kutumika" na nani? Na yule mpanga njia aliye ndani ya programu, ambaye anaweza pia kukataa. Kutumika kufanya nini? Kupunguza kusoma, au kuchuja tu? Mwenye kitendo akishaingia katika sentensi, sentensi inanyooka yenyewe:

Sharti la kituo peke yake halipunguzi sehemu ya faharasa itakayosomwa. Programu itasoma faharasa nzima, au itaiacha na kusoma jedwali lote. Ukiuliza hivi mara kwa mara, jenga faharasa nyingine inayoanza na kituo.

Hapo kijana wetu asingepotea. Sentensi tatu, na ya mwisho inampa la kufanya.

Wakongwe wa miongozo wangeguna. Wangesema huu ni mwongozo wa rejea, si kitabu cha darasa, na kwamba kila sentensi inayoongezwa itabidi itunzwe na mtu siku programu itakapobadilika. Zamani niliona guno hilo kuwa uvivu uliovalishwa joho. Sasa sikilizeni kilichotokea.

Tarehe 25 Septemba 2025 likatoka toleo la 18. Ndani yake mna kazi ya Peter Geoghegan, mtaalamu wa mti wa B katika PostgreSQL: utafutaji wa kuruka. Mwalimu mkuu akiuliza kwa kituo peke yake, programu sasa inajijazia mwaka yenyewe. Inashuka mtini kutafuta 2015 na kituo kile, inachukua vilivyopo. Inaruka hadi 2016 na kituo kile, inachukua. Na kuendelea hadi miaka iishe. Kama jedwali letu lina miaka kumi, ni kushuka mara kumi, au zaidi kidogo, kurasa chache kila mara. Makumi ya kurasa, pale ambapo zamani zilikuwa 3,334.

Mmeona? Sentensi zetu tatu nzuri zimekufa siku hiyo. "Programu itasoma faharasa nzima" si kweli tena. Ile sentensi ya 2005 iliyotuudhi kwa ukungu wake, "safu zozote, lakini kushoto kuna ufanisi zaidi", imesimama wima, ni ya kweli leo kama ilivyokuwa kweli miaka ishirini iliyopita. Iliishi muda mrefu kwa sababu ilisema kidogo. Sentensi inayotaja hesabu huanza kuzeeka mara tu inapochapishwa, na mwandishi anayeitaka inabidi akubali pia kazi ya kurudi kuitazama kila toleo jipya linapotoka.

Bado nasimama upande wa sentensi iliyo wazi. Ila nimejifunza mahali pa kuuweka huo uwazi. Tulieleza matokeo, nayo ndiyo hubadilika. Sababu haibadiliki upesi hivyo. Sababu ni hii: viingilio vimepangwa kwa mwaka kwanza, na idadi ya miaka tofauti ndiyo inayoamua kila kitu. Miaka ikiwa kumi, kuruka kunalipa. Lakini tungepanga faharasa kuanzia na jina, lenye thamani laki kadhaa tofauti, kuruka kungekuwa kushuka mtini laki kadhaa, na afadhali kusoma moja kwa moja. Kwa hiyo:

Viingilio vimepangwa kwa mwaka kwanza. Sharti la kituo bila mwaka husaidia kadiri miaka tofauti ilivyo michache, kwa sababu tangu toleo la 18 programu inaweza kushuka mtini mara moja kwa kila mwaka. Thamani za safu ya kwanza zikiwa nyingi, au toleo lako likiwa la zamani, tarajia isome faharasa nzima au iiache.

Ni ndefu kidogo. Inataja toleo, na kutaja toleo ni adabu: msomaji aliye kwenye seva ya zamani anajua kwamba naye anazungumziwa. Isitoshe, wasomaji hawa hawatoki mahali pamoja. Oracle ilikuwa na utafutaji wa kuruka tangu toleo lake la 9i mwaka 2001. MySQL iliupata katika 8.0.13, mwaka 2018. Mtu anahama kutoka programu moja kwenda nyingine akiwa na kanuni kichwani iliyokuwa sahihi kule alikotoka, na anapofika kwenye neno "inaweza" analijaza maana ya nyumbani kwao.

Mitego mingine nitaitaja kwa haraka. Mwongozo unasema faharasa ya kipekee haikubali mistari miwili yenye thamani sawa. Tuseme safu ya barua pepe ni ya kipekee. Watahiniwa elfu moja wasio na barua pepe, safu ikiwa tupu, watakataliwa? Wote watapokelewa, kwa sababu katika SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, tupu maana yake ni "haijulikani", na visivyojulikana viwili havihesabiwi kuwa sawa. Toleo la 15, mwaka 2022, liliongeza njia ya kuagiza vingine, kwa maneno NULLS NOT DISTINCT, yaani tupu zisihesabiwe kuwa tofauti. Kukana juu ya kukana. Namhurumia aliyepewa kazi ya kuieleza kwa sentensi moja.

Na kuna onyo lililokataa kufa. Faharasa za aina ya heshi zilikuwa haziandikwi katika daftari la mabadiliko la programu, kwa hiyo umeme ukikatika vibaya zilihitaji kujengwa upya, na mwongozo uliwakataza watu kuzitegemea. Toleo la 10 la mwaka 2017 lilirekebisha kasoro hiyo, onyo likaondolewa. Hata leo utakutana na mtu anakukataza heshi kwa uhakika kabisa, akinukuu ukurasa wa kweli wa toleo lililokwisha stahili kustaafu. Kila ukurasa wa mwongozo huo mtandaoni una namba ya toleo juu yake. Iangalieni kabla ya kusoma neno lolote lililo chini.

Mwenye kompyuta nyumbani, au shuleni ikiruhusiwa, asikubali hadithi yangu hivihivi. PostgreSQL ina kitendakazi kiitwacho generate_series kinachoweza kukutengenezea mistari milioni moja ya kubuni kwa muda mfupi sana. Jenga jedwali, jenga faharasa ya mwaka, kituo, mtahiniwa, kisha uliza kwa kituo peke yake ukitanguliza EXPLAIN pamoja na ANALYZE na BUFFERS. Tafuta neno Buffers: hapo ndipo idadi ya kurasa ilipo, na haitakuwa sawasawa na hesabu zangu, kwa kuwa mistari yako haitakuwa na baiti 128 kamili. Ukiwa na toleo la 18, tafuta pia Index Searches, inayosema programu imeshuka mtini mara ngapi. Kisha futa faharasa hiyo, ijenge upya mtahiniwa akiwa mwanzo, uliza lilelile, ulinganishe.

Mkiweza kupata matoleo mawili, la 17 na la 18, yapimeni yote kwa jedwali moja, halafu mjaribu kuandika sentensi moja itakayokuwa kweli kwa yote mawili na ambayo haitampoteza yule kijana niliyembuni. Ile yangu ya mwisho haikuwa moja. Zilikuwa tatu, na bado naona "kadiri miaka tofauti ilivyo michache" inakwama kooni. Chini ya kila ukurasa wa mwongozo mtandaoni kuna kiungo cha kutuma masahihisho, na wanaoyasoma hawaulizi umri wa aliyetuma. Watauliza tu umepimaje.